Mji wa Funguo Saba: Siku Tano Andorra la Vella

Siku ya kwanza, Jumatano

Dada yangu alinisindikiza hadi stendi ya mabasi kabla hakujapambazuka. Anaishi Barcelona mwaka wa sita sasa, na desturi ya mama yetu ya kumfungia msafiri chakula ameihamishia huko huko: chapati mbili, mayai mawili ya kuchemsha, chumvi kidogo kwenye kikaratasi. "Kule ni baridi, mdogo wangu," akasema huku akinizungushia skafu shingoni. "Usije ukajitia wewe mtoto wa mlimani."

Lakini ndivyo nilivyo. Nimezaliwa Old Moshi, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, na hiyo hasa ndiyo sababu ya safari hii. Tangu nilipojua kwamba ipo nchi ya kilomita za mraba 468 tu, imekaa ndani ya milima ya Pyrenees baina ya Hispania na Ufaransa, na imekaa hapo zaidi ya miaka mia saba bila kumezwa kwa kudumu na yeyote kati ya majirani zake, nilitaka niende nikaone kwa macho yangu. Baba alipojua nakwenda, alinipa agizo moja. Baba alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mfongo wetu, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, kwa miaka mingi, na kwake kila kitu huanzia kwenye mfereji. "Ukifika kwa watu wa milimani," akasema, "tazama kwanza maji yao. Ukishajua wanavyogawana maji, umewajua."

Wenzangu wa Afrika Mashariki wanaofikiria safari hii wasikie neno moja kuhusu viza. Andorra haina uwanja wa ndege na haina reli. Unafika kwa barabara tu, ukitokea Hispania au Ufaransa. Yenyewe haikudai viza, ila haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo ukivuka kuingia Andorra umeshatoka Schengen, na siku ya kurudi unahesabiwa unaingia upya. Mwenye viza ya kuingia mara moja anaweza kukwama mlimani. Dada alinionya mapema, nikaomba ya kuingia mara nyingi na kueleza ratiba yangu siku kwa siku. Nilipewa.

Basi lilipita chini ya Montserrat jua likichomoza, mawe yake yamesimama kama vidole vya mkono. Baadaye nchi ikawa ya mashamba makavu, kisha mbele ya mji wa Ponts milima ikaanza kusogea karibu. Ukipita bwawa la Oliana barabara inabanwa kati ya kuta za mwamba na maji ya kijani, mahandaki yanafuatana, na abiria waliokuwa wamelala wanaamka masikio yamewaziba.

Sikwenda moja kwa moja. Nilishuka La Seu d'Urgell, mji mdogo wa Hispania ulio kilomita zipatazo kumi kabla ya mpaka, maana nilitaka kuona kwanza nyumba ya mmoja wa watawala wa nchi ninayokwenda. Andorra ina wakuu wawili wa nchi kwa pamoja, na wote wawili si raia wake kwa cheo: mmoja ni Askofu wa Urgell, mwenye makao hapa La Seu, na mwingine ni Rais wa Ufaransa, ambaye wakati huu ni Emmanuel Macron. Mambo yalianza na ugomvi. Askofu na Kabaila wa Foix, upande wa Ufaransa, waligombea mabonde haya hadi mwaka 1278, walipokubaliana kuyatawala kwa ubia. Haki za Foix zikarithiwa hadi zikafika kwa mfalme wa Ufaransa, na wafalme walipokwisha zikamfuata rais. Ubia ule, ingawa ulikatika kwa miaka michache baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, upo hadi leo.

Kanisa kuu la La Seu ni la karne ya 12, mawe ya kijivu na mekundu, kuta nene na madirisha madogo kama ya boma. Nilikaa uani, kwenye varanda ya matao inayozunguka bustani, nikala chapati ya pili. Hapakuwa na sauti isipokuwa ya njiwa. Nikafikiri juu ya jibini, kuku na mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa ambayo Waandorra walimletea askofu wao kama ushuru wa kimila, vizazi na vizazi, desturi iliyokoma na katiba ya mwaka 1993. Kwetu pia watu walimpelekea Mangi, mtawala wa Wachagga, chake. Kwa hiyo hapo sikuwa mgeni sana.

Basi dogo la mchana likanivusha. Upande wa kuingia hapakuwa na mengi: ofisa akatazama pasi, akanirudishia. Foleni ilikuwa upande wa pili, magari yanayotoka Andorra yakikaguliwa na forodha ya Hispania, maana kodi ya bidhaa huku ni asilimia 4.5 tu na watu huja kujaza buti. Nilikuwa bado natazama foleni hiyo simu ilipolia ujumbe: salio lote la laini yangu ya Ulaya limekwisha. Andorra haimo katika Umoja wa Ulaya, na bando linalofanya kazi Hispania hapa hukatwa bei ya ughaibuni. Dakika chache za ramani zilimaliza fedha ya wiki. Kesho yake nilinunua laini ya wenyeji. Zima data kabla ya mpaka, ndilo la kukumbuka.

Nyumba ya wageni niliyofikia iko mtaa wa nyuma, na mwenye nyumba ni mama wa Kireno aliyekuja kufua mashuka hotelini akiwa msichana. Wareno ni wengi huku. Raia wenyewe hawafiki nusu ya wakazi, na mgeni wa kawaida husubiri miaka ishirini kabla ya kuomba uraia. Mama huyu alizungumza nami Kihispania cha taratibu ili nimwelewe, akanipa blanketi la pili bila kuombwa.

Siku ya pili, Alhamisi

Vitabu vyote vya wageni husema Andorra la Vella ndio mji mkuu ulio juu kuliko yote barani Ulaya: mita 1,023 juu ya usawa wa bahari. Niliamka nikijiandaa kuhema. Halafu nikakumbuka kwamba Dodoma iko juu zaidi ya hapo, na Nairobi inakaribia mita 1,800. Tofauti ni ukaaji. Dodoma imetandazwa kwenye uwanda. Huku mji umeingizwa kwenye ufa. Unasimama katikati ya barabara, unatazama kushoto mlima, kulia mlima, na jua linachelewa kushuka mpaka saa ya watu kunywa kahawa ya pili. Wenyeji huzigawa pande hizi mbili kwa majina: solà ni upande wa jua, obac ni upande wa kivuli. Ukipanga chumba, uliza kiko upande gani.

Asubuhi niliipitia barabara ya Meritxell kwa haraka. Ni maduka ya manukato, saa, viatu na kamera mfululizo, na wageni wenye mifuko mikubwa. Wengi huja Andorra na kuondoka wakiwa wameona barabara hii peke yake, na nasikitika kwa ajili yao. Karibu na mto Valira ipo sanamu ya Salvador Dalí, saa inayoyeyuka juu ya kisiki cha mti, na mbele kidogo, katika uwanja wa Lídia Armengol Vila, wapo watu saba wa Jaume Plensa, wamekaa juu ya nguzo ndefu, kila mmoja akisimamia parokia moja. Parokia ndiyo wilaya yao. Ziko saba: Canillo, Encamp, Ordino, La Massana, Andorra la Vella, Sant Julià de Lòria na Escaldes-Engordany. Usiku watu wale huwashwa taa ndani, wakawa wa rangi. Mchana wanaonekana kama wazee waliopandishwa juu wapate kufikiri vizuri.

Nilichokuja kukitafuta kiko mtaa wa kale, dakika chache kwa miguu juu ya maduka. Casa de la Vall. Usitegemee kasri. Ni nyumba ya mawe ya ghorofa chache, ilijengwa mwaka 1580 na familia ya Busquets, ina kijimnara pembeni na tundu za kutupia mishale, na mwaka 1702 Baraza la Nchi likainunua. Bunge limekaa humo zaidi ya miaka mia tatu. Baraza lenyewe ni la zamani zaidi, mwaka 1419. Tangu 2011 wabunge, ambao ni ishirini na wanane, wamehamia jengo jipya la jirani, lakini nyumba ya kale imeachwa kama ilivyokuwa. Unaingia na kiongozi, kwa miadi.

Kwenye ghorofa ya bunge, hatua chache kutoka ukumbini, kuna jiko. Jiko kweli, lenye meko kubwa ya mawe, minyororo ya kuning'inizia vyungu, benchi za kuzunguka moto. Wajumbe walitoka mabondeni kwa miguu au juu ya nyumbu, wengine safari ya kutwa nzima kwenye theluji. Walifika wamelowa, wakaota moto na kula kwanza, ndipo wakaingia kujadili. Nilisimama pale jikoni muda mrefu kuliko wenzangu wa kundi. Nimehudhuria vikao vya ukoo vinavyoanzia kwenye sufuria, na najua mtu aliyeshiba na kukauka husikiliza tofauti na aliyeachwa nje akitetemeka. Walioijenga serikali hii walilijua hilo wakaliwekea chumba.

Kisha ukumbini, ukutani, kabati. Wanaliita kabati la funguo saba. Ni la mbao nzito, na lina kufuli saba, kila kufuli la parokia moja. Zamani funguo zilikuwa sita, ya saba ikaongezwa Escaldes-Engordany ilipojitenga kuwa parokia mwaka 1978. Ndani zilitunzwa hati za nchi, na kitabu kiitwacho Manual Digest, kilichoandikwa mwaka 1748 na Antoni Fiter i Rossell, chenye historia, desturi na mashauri ya namna Waandorra wanavyopaswa kujiendesha baina ya majirani wakubwa. Kila mjumbe alikuja na ufunguo wake. Akikosekana mmoja, kabati halifunguki.

Niliomba kulitazama kwa karibu. Kiongozi, mwanamke wa makamo aliyeipenda kazi yake waziwazi, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia. Akasema wageni wengi huuliza thamani ya kilichomo. Mimi nilitaka kujua nani alibaki na ufunguo mjumbe akifa njiani. Akacheka kwa furaha, akasema hilo hajawahi kuulizwa, na kwamba ufunguo ni wa parokia, haukuwa wa mtu. Nikaliandika hilo kwenye daftari nikalipigia mstari.

Nisilisifu hili kupita kiasi. Wanawake wa Andorra hawakuruhusiwa kupiga kura hadi mwaka 1970, na vyama vya siasa havikuwa halali hadi katiba ya 1993, iliyopigiwa kura na wananchi tarehe 14 Machi. Mwaka huo huo ndio nchi ikaingia Umoja wa Mataifa. Kufuli zilikuwa saba, lakini kwa karne nyingi walioshika funguo walikuwa wanaume wa nyumba fulani fulani. Kiongozi wetu alilisema mwenyewe bila kuficha, amesimama chini ya picha za wajumbe wa zamani waliovaa makoti meusi.

Jioni nikala trinxat: kabichi na viazi vilivyopondwa pamoja, vikakaangwa kama mkate wa sufuria, juu vipande vya nyama ya nguruwe. Mama mwenye nyumba anasema kabichi yake inakuwa tamu ikishapigwa na jalidi. Ni chakula cha watu wenye kazi ya mikono, na kililala vizuri tumboni.

Siku ya tatu, Ijumaa

Bonde la Madriu. Ningerudi Andorra kwa ajili ya siku hii peke yake.

Bonde la Madriu-Perafita-Claror linaanzia nyuma ya majengo ya Escaldes-Engordany, mji ulioshikana na Andorra la Vella kiasi kwamba hujui umevuka saa ngapi. Ni hekta 4,247, karibu sehemu moja ya kumi ya nchi nzima, na mwaka 2004 UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia. Hakuna barabara ya gari ndani yake. Haijawahi kuwepo. Unaingia kwa njia ya mawe iliyopangwa kwa mikono, pana kiasi cha nyumbu mmoja mwenye mzigo, nayo inapanda tangu hatua ya kwanza.

Nilianza saa mbili asubuhi, pumzi ikitoka moshi. Upande mmoja ukuta wa mawe yasiyo na saruji, umeota kuvu ya kijani. Upande wa pili mto unanguruma chini usikouona. Oktoba hii majani ya miti ya chini yamegeuka manjano, juu yake misonobari imebaki na weusi wake, na pale rangi mbili zinapokutana unaona mstari kama umepigwa rula. Nusu saa tu na kelele za mji zilikwisha. Kilichobaki ni maji na kengele ya ng'ombe mahali fulani juu.

Baada ya zaidi ya saa moja ya kupanda unafika Entremesaigües, nyumba chache za mawe na mapaa ya vigae vya mwamba, na mbele zaidi Ràmio. Hapo ndipo nilipokaa chini. Mteremko wote umekatwa matuta, ngazi juu ya ngazi, kila tuta limeshikiliwa na ukuta wa mawe uliopangwa jiwe kwa jiwe. Palilimwa rai na ngano hapa, kwenye baridi hii. Wakati wa kiangazi mifugo ilipandishwa malisho ya juu, na wachungaji waliishi kwenye vibanda vya mawe hadi theluji ya kwanza. Yako pia mabaki ya tanuri la kuyeyushia chuma. Kuni zilitoka mwituni, nguvu ilitoka mtoni. Sehemu kubwa ya ardhi hii ni mali ya jamii, inasimamiwa na mabaraza ya parokia, na mabaraza ndiyo yaliyoamua nani achunge wapi na nani akate mti upi.

Nilitazama matuta yale nikaona vihamba vyetu. Mazao ni mengine: kwetu ni mgomba, kahawa chini yake, maharage chini ya kahawa. Lakini akili ni ile ile: ardhi ni finyu, imeinama, haisamehe uzembe, kwa hiyo kila jiwe lina mtu aliyelibeba. Kuta nyingi za hapa zimeanza kubomoka. Walioishi Ràmio walishuka mjini kufanya kazi dukani na hotelini, kama vijana wa kwetu wanavyoshuka Moshi mjini, Arusha, Dar es Salaam, nami nikiwamo. Ukuta wa mawe makavu unataka mtu wa kuurudishia jiwe kila majira ya kuchipua. Akikosa kuja miaka kumi, mlima unajichukulia.

Nilikutana na wazee wawili, mume na mke, wamebeba vikapu vya uyoga. Msimu wake ndio huu na hapa ni kama sikukuu. Mama alinifunulia kikapu bila kusema neno, akanichagulia mmoja wa rangi ya machungwa, akaukata shina nikaona utomvu wake mwekundu. Nikauliza kwa ishara wameuokota wapi. Wote wawili wakatazama pembeni. Hilo nalo ni kama kwetu: mahali pa uyoga huonyeshwi.

Kilele cha juu cha Andorra, Coma Pedrosa, kipo upande mwingine wa nchi, mita 2,942. Ni juu kidogo tu ya kituo cha Mandara, pale wapandaji wa Kilimanjaro wa njia ya Marangu wanapolala usiku wa kwanza. Lakini mita zao ni za baridi kuliko zetu. Saa nane mchana wingu lilishuka bondeni, nikageuka bila kubishana nalo.

Nilishuka magoti yakitetemeka, nikaenda moja kwa moja kwenye maji ya moto. Escaldes ni jina linalotokana na hayo maji. Yanatoka ardhini yakiwa na joto linalofikia nyuzi 70 hivi, hayaogeki mpaka yapozwe. Zamani viwanda vidogo vya sufu vilikaa hapa kwa sababu maji ya kuoshea manyoya yalikuja yamechemka bure. Leo kuna Caldea, jengo la vioo lenye mnara mrefu wenye ncha, lililofunguliwa mwaka 1994. Sisi tuna Chemka, chemchemi ya buluu karibu na Boma Ng'ombe, yenye jina la kuchemka na maji ya uvuguvugu. Nikiwa nimejilaza kwenye bwawa la nje la Caldea, kichwa kwenye hewa ya baridi na mwili kwenye joto, mvuke ukipanda na giza likiingia milimani, nilisinzia hadi mhudumu akaja kunigusa bega.

Siku ya nne, Jumamosi

Miguu ilikataa milima, kwa hiyo nilitembea tambarare kando ya mto hadi Santa Coloma, kijiji kilichomezwa na mji, upande wa kusini. Nilidhani itakuwa ziara ya nusu saa. Nilikaa hadi mchana.

Kanisa la Santa Coloma ni dogo, pengine watu hamsini wakibanana. Ni la kale, kabla ya mwaka elfu moja kwa sehemu zake za mwanzo, na mnara wake wa kengele, ulioongezwa karne ya 12, ni wa duara, jambo la nadra katika nchi hii ambayo minara mingi ni ya pembe nne. Katika karne hiyo hiyo ya 12, mchoraji ambaye jina lake halikubaki alipaka ukuta wa madhabahu kwa picha za watakatifu.

Miaka ya 1930 picha zile ziling'olewa. Kazi hiyo hufanywa hivi: unapaka gundi juu ya rangi, unabandika kitambaa, kikikauka unakivuta polepole, na ngozi ya ukuta inakuja nacho. Zikauzwa. Zikapita mikono ya watu, utawala wa Kinazi ukazitwaa, zikaishia Berlin. Kwa miongo mingi watu wa Santa Coloma walisali mbele ya ukuta uchi. Mwaka 2007 serikali ya Andorra ikazipata, na tangu 2019 zimetunzwa katika jumba dogo liitwalo Espai Columba, hatua chache kutoka kanisani.

Unaanzia jumbani. Chumba kina giza, na picha zimerudishiwa umbo la madhabahu, zimepinda kama zilivyopinda ukutani. Macho makubwa, mikono mirefu, wekundu wa udongo ambao haujafifia. Kisha unavushwa kanisani, taa zinazimwa, na mashine inazirusha picha zile zile kwa mwanga juu ya ukuta zilikotolewa. Kwa dakika chache ukuta unarudi kuvaa. Baada yake taa zinawaka na unaona plasta tupu yenye makovu.

Watu wa kundi langu walipiga makofi. Mimi sikuweza.

Kwetu Old Moshi, pale Tsudunyi, upo mti ambao wakoloni wa Kijerumani walimnyongea Mangi Meli mwezi Machi mwaka 1900, pamoja na viongozi wengine. Wazee wanasimulia kwamba baada ya kumuua walimkata kichwa wakakipeleka Ujerumani. Nimekua nikipita karibu na mti ule kwenda shule. Mjukuu wake ametumia maisha yake kukiulizia kichwa hicho. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilivyofanywa Berlin kwenye mafuvu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki viligundua fuvu moja kuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli, ndugu zake wakapatikana wangali hai. La Mangi mwenyewe halikutajwa.

Silinganishi rangi ya ukutani na kichwa cha mtu. Nasema tu kwamba nilikaa kwenye benchi ya kanisa la watu wengine, katika nchi ndogo kuliko wilaya nyingi za kwetu, nikaona jinsi kitu kilivyofika Berlin na jinsi kilivyorudi. Kilirudi kwa sababu kulikuwa na hati, kulikuwa na serikali iliyouliza kwa jina lake, na kulikuwa na fedha. Ilichukua zaidi ya miaka sabini kwa picha ambazo kila mtaalamu alijua zilitoka ukuta upi. Mlinzi wa kanisa, mzee mwenye sweta la kufuma, aliniona sijainuka. Hakunihimiza. Alikwenda akafunga mlango mmoja ili upepo usinipige, akaacha mwingine wazi.

Mchana wa siku hiyo sikuandika kitu. Jioni nilinunua kadi mbili za posta. Andorra haina posta yake yenyewe. Inahudumiwa na posta mbili za majirani, ya Hispania na ya Ufaransa, kila moja na stempu zake zilizoandikwa Andorra, na shule pia ziko za mifumo mitatu, ya Kiandorra, ya Kihispania na ya Kifaransa, mzazi anachagua. Kadi ya dada niliitumbukiza kwa Wahispania. Ya kiongozi wa Casa de la Vall, kumshukuru kwa jibu lake la ufunguo, nikaipa Wafaransa. Mama mwenye nyumba alisema ningeweza kupita nikamkabidhi mkononi. Nilitaka aipokee kwa posta.

Siku ya tano, Jumapili

Basi langu ni la saa saba mchana. Nilikuwa nimepanga kwenda Meritxell, kwenye hekalu la Bikira msimamizi wa nchi, lililoungua usiku wa sikukuu yake Septemba 1972 na kujengwa upya kwa michoro ya Ricardo Bofill. Lakini wakati wa kifungua kinywa mama mwenye nyumba aliniuliza kama nimeshatembea Rec del Solà. Nikamuuliza rec ni nini. Akachora kwa kidole juu ya kitambaa cha meza: mlima, na katikati ya mlima mstari unaokwenda ukiinama kidogo sana, na chini ya mstari bustani.

Mfongo! Nilitamka kwa sauti.

Siku tano nilikuwa natazama maduka, kabati na picha, na agizo la baba lilikuwa juu ya kichwa changu upande wa jua, likiuzunguka mji mzima. Niliacha chai, nikapanda ngazi za mtaani mbio hadi nyumba zikaisha.

Rec del Solà ni mfereji wa kumwagilia uliochongwa ubavuni mwa mlima, juu kidogo ya mapaa ya Andorra la Vella, na njia ya miguu inauandama. Mahali pengine umefunikwa kwa mawe, mahali pengine uko wazi, maji membamba yanakwenda bila haraka. Chini yake matuta: kabichi, vitunguu, mti wa tufaha, kibanda cha zana. Chini ya matuta, benki na hoteli. Nilichutama nikapima mwinuko kwa jicho kama nilivyofundishwa nikiwa mdogo: maji yasikimbie yakala udongo, yasisimame yakaweka tope. Aliyeuchimba mfereji huu alijua. Hakuwa na chombo cha kupimia zaidi ya alivyokuwa navyo babu yangu.

Nikampigia baba kwa video kwenye laini ya wenyeji. Saa za kwetu zilikuwa mbele kwa saa moja, alikuwa ametoka ibada ya kwanza, bado amevaa koti. Sikusema kitu, niligeuza tu simu kwenye maji. Akanyamaza. Nikamwona anasogeza uso karibu na kioo, kisha anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena.

"Huo umechimbwa na watu wanaojua," akasema. Akanitaka nisogee hadi penye kijilango cha ubao kinachogeuza maji kuingia kwenye bustani. Nikamwonyesha. Ubao ulikuwa umeinuliwa, maji yanaingia kwenye kabichi.

"Leo zamu ya nani?"

Nilitazama njia mbele na nyuma. Hapakuwa na mtu. "Sijui, baba. Ni Jumapili, wamelala."

"Ubao umeinuliwa, mtu ameuinua. Maji hayana Jumapili. Mtafute umuulize wanapangaje zamu, na akichelewa kuufunga nani anamwadhibu. Nitakungoja hapa hapa."

Kengele za Sant Esteve zilikuwa zinapiga chini mjini. Nikashika simu mbele yangu apate kuona njia, nikaufuata mfereji kwenda ulikotoka.